Siku Mwigizaji Alipokosa Maneno

Tangu alipotoka Yorkton asubuhi ile, Wendell Tarrant alikuwa akijisemea peke yake garini kama mtu aliyechanganyikiwa. Aliyasema maneno kwa sauti ya chini, akayarudia kwa sauti ya juu, akabadilisha moja, akalirudisha. Barabara ilikuwa tupu. Theluji ya mwisho wa Machi ilikuwa imelowana kandokando, na mashamba ya ngano yalikuwa yameanza kuonyesha udongo mweusi kwa viraka. Alipokata kona ya kuingia kwa akina Pankiw, alikuwa amekwisha kuyashika yote, mwanzo hadi mwisho. Akazima gari, akavuta pumzi, akairekebisha tai yake.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, na mkate wake aliupata kwa kusema maneno mbele ya kamera. Mtoto huyo wa mfua chuma wa Hamilton alianza kwa tangazo la matairi. Akacheza maiti katika kipindi cha polisi, akalala saa sita juu ya meza ya baridi bila kupepesa macho. Akacheza mlinda mlango wa hoki, akacheza muuaji, akacheza muuaji tena. Ndipo ikaja "Bonde la Hollis", na kwa misimu tisa Kanada nzima ikamjua kama Dokta Lowe, daktari wa mifugo mwenye macho ya huzuni, anayeoa na kuachana kila baada ya misimu miwili.

Na Orysia Pankiw ndiye aliyekuwa daktari wa mifugo wa kweli. Kipindi kilirekodiwa kilomita arobaini tu kutoka kwao, naye akaajiriwa kumfundisha Wendell asije akashika ng'ombe kama anayeshika mwavuli. Kila mara watazamaji walipoiona karibu ile mikono yenye glavu ndefu ikimvuta ndama kutoka tumboni mwa mama yake, haikuwa mikono ya Wendell. Ilikuwa ya Orysia. Miaka saba walikuwa watu wa kazi tu, wakitaniana na kunywa kahawa iliyopoa. Miaka miwili iliyopita kitu kikageuka kati yao, na hakuna kati yao aliyeweza kusema kiligeuka siku gani. Kipindi kilipofungwa vuli iliyopita, Wendell hakurudi Toronto. Alipanga nyumba Yorkton.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha.

"Umevaa tai," alisema Orysia.

"Nimevaa."

"Baba akiiona tu atajua." Alikuwa ameegemea mlango, nywele zake za rangi ya ngano zimefungwa nyuma, amevaa soksi nene, na macho yake ya kijivu yalikuwa yakicheka ingawa mdomo ulikuwa umetulia. Wendell alimtazama, akasahau kwamba amesimama kwenye baridi. Kwa miaka yote aliyofanya kazi na wanawake wazuri waliopakwa poda, hakuwahi kutazamwa hivi, kama mtu anayejulikana na bado anatakiwa. "Ingia," akasema Orysia. "Vua viatu. Na usimpe mama nafasi ya kukuuliza habari za msimu wa mwisho, hatutakula leo."

Chakula kilikuwa tayari mezani: supu nyekundu ya bitiruti, kabichi zilizoviringishwa kwa wali na nyama, na bakuli kubwa la perogi, vifurushi vya unga vilivyojazwa viazi na kumiminiwa siagi na vitunguu. Mama Stefka alimkumbatia Wendell kama mwanawe aliyerudi kutoka safari. Mzee Metro, mwenye miaka sabini na minane na mgongo ulionyooka, aliiangalia ile tai, akaketi bila kutoa mkono.

"Dokta," alisema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wangu mmoja anakohoa. Utamtazama baadaye, au lazima kwanza kamera zije?"

"Baba," alisema Orysia.

"Nauliza tu. Daktari si yeye?"

"Mwache mtoto wa watu ale," alisema Mama Stefka, akimpakulia Wendell perogi nane kwa mpigo. "Mwanangu, kuna kitu kimoja kinanisumbua. Yule mke wako wa tatu, yule mwekundu wa nywele. Ulimwacha kwa nini? Alikuwa anakupenda."

"Mimi sikumwacha, mama. Waandishi ndio walioandika," alijibu Wendell, kama alivyokwisha kuwajibu mashabiki mia.

"Lakini mdomo uliosema 'kwaheri' ulikuwa wako," alisema Mzee Metro.

Walikula. Wendell alilisifu kila sahani, na kwa kweli hakuwa akiigiza. Chini ya meza goti la Orysia liligusa goti lake, likakaa hapo. Alipoona supu imekwisha na mzee amejimiminia wiski kidogo, alijua wakati umefika. Aliweka uma chini. Akasimama.

"Mzee. Mama. Nimekuja leo kwa jambo moja. Mnajua ninavyompenda Orysia." Sauti yake ilikuwa tulivu, nzito, yenye joto. Akamgeukia Orysia, akamtazama machoni. "Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa masanduku na hoteli. Nilidhani nyumba ni mahali mtu anapolala. Sasa najua. Nyumba ni yule unayemtafuta kwa macho..."

"...kabla hata hujaamka vizuri," alimalizia Mama Stefka, machozi yakimlengalenga.

Orysia akageuka kumtazama mama yake.

Mama Stefka akaangalia huku na huku. "Si ndivyo inavyokwisha? Msimu wa nne. Alimwambia yule mwalimu, pale darajani, mvua inanyesha."

Wendell alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Asingeweza kuapa kwamba hakujua maneno yalitoka wapi, lakini kwa kweli hakujua. Aliyatafuta maneno mazuri ndani yake siku tatu nzima, yakaja, naye akafurahi kwamba yamekuja kwa urahisi hivyo.

Mzee Metro alianza kucheka taratibu, kicheko kikavu cha kifuani. "Hata posa amekuja na ya kuazima," alisema.

Orysia hakucheka. Goti lake halikuwapo tena.

Na hapo ndipo simu ya ukutani ilipolia. Simu za mkononi hazikushika mtandao vizuri kule, na Wendell alikuwa amemwachia wakala wake namba ya nyumba hiyo kama kungetokea dharura. Mama Stefka, aliyekuwa akitamani mahali pa kujificha, aliikimbilia.

"Ndiyo, yupo. Nani? Jocelyn?" Alisikiliza, kisha akaziba kisemeo kwa kiganja. "Ni wakala wako, mwanangu. Anasema wale wa Vancouver hawawezi kungoja hadi kesho saa sita. Wanataka jibu leo leo. Ile kazi ya kipindi kipya, ya miaka saba."

Wendell alifumba macho. Alipoyafumbua, kiti cha Orysia kilikuwa kimesukumwa nyuma, naye alikuwa mlangoni akivaa mabuti ya mpira.

"Mwambie atapiga mwenyewe," alisema Orysia kwa mama yake, akatoka.

Mzee Metro alikuwa ameacha kucheka. "Unajua mume wake wa kwanza alifanya nini?" alimwuliza Wendell. "Lorne. Kanisani aliapa vizuri kabisa. Wako njiani kwenda fungate, garini, ndipo anamwambia amepata kazi kwenye visima vya mafuta huko kaskazini. Miezi sita, alisema. Hadi leo hiyo miezi haijaisha."

Wendell alichukua koti lake, akatoka.

Banda la ng'ombe lilikuwa na joto la pumzi za wanyama. Orysia alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi kavu, akimsugua kwa gunia ndama aliyezaliwa alfajiri. Alimsugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Ulijua lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Jumanne."

"Leo Jumapili."

"Ndiyo."

"Ijumaa ulikuwa kwangu jioni nzima. Ulinioshea vyombo, ukanisimulia habari za paka wa jirani yako. Nikacheka hadi mbavu zikauma." Akaliweka gunia chini. "Ulitaka kunioa kwanza, ndipo uniambie."

"Orysia, mpenzi wangu, kuna nyakati katika maisha..."

"Acha." Sasa aligeuka. "Hiyo ni sauti ya Dokta Lowe. Ile inayoshuka mwishoni. Nimesimama nyuma ya kamera miaka tisa nikiisikia, nikaiona ikiwaliza watu wazima. Usinisemeshe kwa sauti hiyo."

Wendell aliilegeza tai yake.

"Baba ana neno moja tu juu yako. Anasema wewe unaweza kulia wakati wowote utakao, sasa mke wako atajuaje kama ni kweli? Nimekutetea miaka miwili. Nikamwambia, mimi namjua, mimi namwona asiyeonekana na wengine. Leo nimekaa pale mezani, mama anakumalizia posa yangu, nikajiuliza kama kweli nimewahi kusikia neno lako hata moja." Akalisukuma gunia kando kwa goti. "Kama unalo, liseme. Kama huna, rudi ndani ukampigie huyo Jocelyn."

Ng'ombe mmoja alicheua polepole. Wendell alifungua mdomo. Hapakuwa na kitu alichoandaa. Barabara ya kutoka Yorkton ilikuwa imekwisha, na maneno yote aliyoyabeba yalikuwa yamebaki mezani pamoja na siagi.

"Ni," alisema. "Ni-ni-ni..."

Kidevu kilikuwa kimekaza. Mishipa ya shingo ilimsimama. Orysia alimkodolea macho, akidhani anaumwa.

"Ni-niliogopa," alisema Wendell hatimaye, na uso wote ulikuwa mwekundu.

Alikuwa na kigugumizi tangu aanze kusema. Shuleni Hamilton walimwita Trekta, kwa jinsi alivyowaka na kuzimika. Akiwa na miaka kumi na minne mwalimu mmoja alimsukuma jukwaani, akampa karatasi ya maneno ya mtu mwingine, na ulimi wake ukateleza kama samaki aliyerudishwa majini. Tangu siku ile hakushuka jukwaani. Watu walidhani anafanya kazi saa nane kwa siku. Kumbe hata benki alikwenda na maneno aliyoyakariri. Hata kahawa aliiagiza kwa sentensi aliyoipima. Na kila alichowahi kumwambia Orysia, hadi habari za paka wa jirani, alikuwa amekipitia mara tatu garini.

Alimweleza hayo yote, pale pale kwenye nyasi. Ilichukua muda mrefu sana. Kuna mahali alikwama kwenye neno moja hadi Orysia, kwa huruma, akalitamka kwa niaba yake. Wendell akatikisa kichwa.

"Si-si hilo."

"Samahani," alisema Orysia. "Sitakumalizia tena. Nangoja."

Na akangoja kweli, mikono magotini, bila kutazama pembeni kama watu wafanyavyo.

"Naitaka ile k-kazi," alisema Wendell. "Si-sitaki kudanganya. Ni-nitacheza mtu mbaya, ha-hana hata mke mmoja. Ka-kazi nzuri. Na nilijua ni-nikikwambia utasema nenda, kwa sababu wewe hu-huwezi kumzuia mtu. Na ningekwenda. Halafu ni-ningekuwa kule, na-nakula peke yangu, na..." Alifuta macho kwa mkono wa koti. Hakuwa amejiandaa kulia, na hakulia vizuri. Pua ilimtoka makamasi. "Na-nakutaka wewe. Zaidi. Ni-nimefanya vibaya. Basi."

Orysia alimtazama. Miaka tisa alikuwa ameiona ile sura ikilia mara zisizohesabika, chozi moja safi likishuka upande ule wenye taa. Hii hakuwahi kuiona. Alitoa kitambaa mfukoni, kilichonuka dawa ya mifugo, akampa.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza, sasa kwa upole.

"U-ungenionea huruma."

"Nimekuona ukianguka kwenye samadi mara ngapi? Nilikuonea huruma?"

"Uli-ulicheka."

"Basi." Alisogea, wakakaa bega kwa bega, wameegemea ubao. "Nisikilize. Mimi miaka saba siwezi. Nilikwisha kungoja mtu, najua inavyokuwa, unaanza kuzoea sauti ya simu kuliko mtu mwenyewe. Miwili naweza. Na majira ya baridi uwe nyumbani."

"Wa-watakataa."

"Huenda."

"Na wa-wakikataa?"

"Hilo sikujibii. Sitaki mtu wa kukaa hapa karibu na jiko akinung'unika kwamba nilimnyima kazi. Lakini ukiamua, amua leo, uamue mbele yangu. Na useme kwa sauti hiyo hiyo."

Waliporudi jikoni Mzee Metro na mkewe walikuwa wamekaa kama walivyoachwa, perogi zimeganda siagi. Wendell alikwenda moja kwa moja ukutani, akapiga.

"Jo-Jocelyn," alisema. "Ni-ni mimi."

"Wendell? Uko salama? Laini mbovu kweli."

"Si la-laini. Ni mimi." Akaendelea. Miaka miwili, si saba. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi, kisha nyumbani. Alikwama kwenye "miwili", akakwama vibaya zaidi kwenye "nyumbani", na kila alipokwama, saa ya ukutani ikasikika. Alikuwa amewapa mgongo, akihisi macho ya yule mzee kisogoni. Jocelyn alisema watakataa. Wendell akasema basi wa-wakatae, ila awaulize. Akakata simu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Mzee Metro aliisukuma bilauri yake pembeni. "Kumbe hujui kusema," alisema.

"Si-sijui, mzee."

"Na yule wa kwenye televisheni?"

"Yale ya-yanaandikwa."

Mzee alikuna kidevu. Alikuwa akimtazama Wendell kama anavyotazamwa mtu aliyeingia nyumbani sasa hivi. "Mimi pia sijui kusema," alisema. "Huyu hapa nilimposa kwa kumpelekea mzigo wa kuni. Nikauweka mlangoni kwao, nikaondoka. Sikusema neno."

"Zilikuwa mbichi," alisema Mama Stefka.

"Hazikuwa mbichi."

"Zilikuwa mbichi, Metro. Baridi yote ile tulikaa kwenye moshi. Mama yangu akasema, mwanamume anayeleta kuni hizi ama ni mjinga ama anapenda sana."

"Ukajuaje ni lipi?" aliuliza Orysia.

"Sijajua bado," alisema mama yake, akaamka kuleta pai.

Simu ililia pai ikiwa nusu. Wendell aliipokea mwenyewe, akasikiliza, akasema ndiyo mara mbili na asante mara moja, akaitundika. Hakukuwa na haja ya kuuliza.

"Wa-wamempa mwingine," alisema, akaketi.

Alimfikiria yule mtu mbaya asiye na mke, ambaye sasa angetembea kwa miguu ya mtu mwingine, na ikamwuma. Orysia alikuwa akimsoma uso.

"Unaumia?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Ki-kidogo. Kesho hu-huenda sana."

"Kesho nitakuuliza," alisema Orysia. "Na keshokutwa. Sitaki uwe unaniambia hapana kwa adabu."

"Sa-sawa." Na akaona, kwa mshangao, kwamba njaa imemrudia. Miaka yote aliogopa siku ambayo angekaa kati ya watu bila neno hata moja mkononi. Siku ilikuwa hii, na watu wenyewe walikuwa wakigombea kipande kikubwa cha pai.

"Ila," alisema Orysia, akichezea uma wake, masikio yameanza kuwa mekundu, "kuna jambo mtu alianza kuniuliza kabla ya simu kulia, na hakulimaliza."

Wendell akamgeukia. Hakusimama safari hii.

"O," alisema. "O-O-O..." Jina lilikataa. Alipumua, akaliacha, akalijia tena kutoka upande mwingine, na wote watatu wakamngojea, hakuna aliyejongea. "Orysia. U-utakubali ni-nikuoe?"

"Nitakubali," alisema Orysia. "Mwezi wa sita, tukishamaliza kupanda."

Mama Stefka alijifuta macho kwa kona ya aproni. Orysia aliushika mkono wa Wendell juu ya meza, mbele ya baba yake, akauacha hapo.

Mzee Metro alitafuna pai yake taratibu hadi mwisho. "Kupanda kutaisha mwezi wa sita kama kuna watu wawili wa kuendesha trekta," alisema. "Mimi mmoja, mgongo huu, nitakuwa bado shambani Julai. Wewe unajua kuendesha trekta?"

"Si-sijui, mzee. Ile ya kwenye televisheni i-ilikuwa inavutwa kwa kamba."

"Inavutwa kwa kamba," alirudia mzee, akamtazama mkewe kama mtu aliyeumizwa. "Miaka tisa nimekaa pale namsifu kwa jinsi anavyonyoosha mstari." Akatikisa kichwa, akavuta sahani ya Wendell, akamkatia kipande kingine cha pai, kikubwa kuliko cha kwanza. "Kula, mwanangu. Kesho tunaanza na klachi."